Haibiskasi za Upande wa Ukuta

Mama yangu ana maua makubwa kama sahani, na ana mdomo mkubwa kuliko maua yenyewe. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamwonea huruma bure.

Maua hayo ni haibiskasi, lakini si zile zinazopandwa kuzunguka nyumba zikawa uzio. Zake ni za kuvumilia baridi. Majira ya baridi yakiingia zinakufa kabisa juu ya ardhi, mashina kwa majani, linabaki gutu tu ndani ya udongo. Joto likirudi, mimea mingine ya tuta lile inaamka: mnanaa kwanza, maana mnanaa hauna haya, kisha deizi, kisha yungiyungi. Haibiskasi inaendelea kulala. Mtu asiyezijua hukata tamaa, akaleta jembe akapanda kitu kingine juu yake. Halafu siku moja vinachomoza vichipukizi vinene vyekundu, na kabla hujakaa sawa mmea umekupita kimo na umefungua ua la upana wa uso wa mtu. Ua lenyewe linaishi siku moja. Kesho yake limenyauka na jingine limefunguka. Mimi huona ni usumbufu mtupu, lakini tuta si langu.

Watu wenye akili zao, wakikata mashina yaliyokufa, huacha visiki vya urefu wa shubiri ili wajue magutu yako wapi. Mama hakati hivyo. Yeye hukata sawasawa na udongo, akafunika kwa matandazo ya majani makavu, ukitazama unaona ardhi tupu.

"Anayelijua tuta lake haliwekei alama," husema. "Kwani wewe ukienda kulala unasimamisha kijiti kuonyesha kitanda kilipo?"

Ukimjibu, umejitakia.

Baba alishafariki, na Mama anaishi peke yake kwenye nyumba ile ya vyumba vingi kuliko watu. Mimi naishi mtaa wa pili, ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia. Nyumbani wananiita Kiberiti, na sina haja ya kueleza kwa nini. Kaka yangu, aliyenitangulia, ni mtahini wa madereva. Kazi yake ni kukaa kiti cha abiria huku mtu anayetaka leseni akitokwa jasho kando yake. Hapandishi sauti. Husema "Umefaulu" au "Rudi tena," basi. Hata nyumbani yuko hivyo hivyo. Mkewe amemzoea, sijui kwa dawa gani.

Baridi iliyopita Mama aliunguza birika. Aliliweka jikoni bila maji, akaenda zake chumbani, likayeyuka mkono. Wiki ileile akamwita Kaka kwa jina la mjomba, mara mbili. Kaka akaja na wifi, wakakaa sebuleni, wakasema kwa upole kwamba kwao kuna chumba kiko tayari, bafu liko mlango wa pili, hakuna ngazi.

Mama aliwasindikiza mpaka getini, na pale getini ndipo alipoamua kujibu.

"Humu nitatoka nimefunikwa shuka!" alipaza sauti. "Mmesikia? Miguu mbele! Mwanamke mzima na akili zangu, nikalale chumba cha wageni kama mwali!"

Mtaa mzima ulisikia. Jirani wa geti la kijani alitoka na povu la mswaki mdomoni asije akapitwa. Kaka akasema, "Sawa, Mama," akawasha gari.

Mimi nilikuwa upande wa Mama. Mtu akiniuliza sababu, namwambia wazi: nilimtaka Mama pale pale alipo. Sikutaka kwenda kumwona mama yangu mzazi kama mgeni, navua viatu mlangoni nisichafue zulia la wifi. Kila nikimaliza kazi jioni napita kwake, tunagombana kidogo, nakula, narudi kwangu. Hayo ndiyo maisha yangu, na mtu asiyeyataka asiyaguse.

Ndiyo maana nilishangaa Mama mwenyewe alipoifufua habari ile. Ilikuwa baridi inakaribia kwisha. Kaka amekuja kumletea mkaa, Mama akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye tuta.

"Wewe si mtahini?" akasema. "Haya, nitahini."

"Mama, sikusema kwamba..."

"Ulisema kwa macho. Sikiliza. Humu kuna haibiskasi tatu, zote zimelala, hakuna alama. Nitakuonyesha kila moja ilipo. Wewe piga kigingi hapo. Zikichomoza kwenye vigingi vyako, nisisikie tena habari za chumba chako. Nikikosea hata kimoja, nafunga nguo zangu siku hiyohiyo, na sitatoa neno."

Kaka akamtazama, akanitazama mimi. Huo ulikuwa mtego, na Kaka hapendi mitego, lakini kufaulu na kufeli ndiyo lugha yake. Akaenda kutafuta nyundo.

Mama alitembea kandokando ya tuta, taratibu, mikono nyuma. Alisimama upande wa ukuta, akaonyesha kwa kidole cha mguu. "Hapa nyekundu." Akasogea. "Hapa nyeupe. Na hapa ile ya waridi." Kaka akapigilia vigingi, akavipiga picha kwa simu yake, kila kimoja peke yake na vyote pamoja. Huyo ndiye kaka yangu. Angempiga picha hata malaika kama ushahidi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli la karanga, nacheka kimoyomoyo. Nilijua Mama ameshinda. Anaweza kusahau birika, anaweza kusahau jina langu, lakini tuta lile? Thubutu!

Siku chache baadaye wifi alimpeleka Mama kliniki ya macho. Nikaona nitumie nafasi hiyo kuzirutubisha haibiskasi zake kwa mboji, maana zile zina uroho, zinakula na kunywa kuliko mimea yote. Nikasogeza matandazo kwenye kigingi cha kwanza, nikaingiza vidole nilipapase gutu nisije nikalijeruhi. Nikakuta jiwe. Nikachimba kidogo. Jiwe jingine, na kipande cha tofali. Nikaenda kigingi cha pili, cha tatu. Hakuna kitu. Udongo mkavu na kifusi cha tangu nyumba ijengwe.

Nikaanza kutafuta tuta zima kwa vidole, nimepiga magoti, sketi imejaa tope. Nikayakuta upande wa chini, karibu na bomba linalovuja, kwenye udongo mweusi wenye unyevu: magutu matatu, magumu kama ngumi, na kwenye ngozi yake vidoadoa vya rangi ya waridi vinavyojiandaa kutoka.

Nikakaa chini kwenye tope palepale.

Mama amekosea. Si kimoja, vyote vitatu. Mama yangu hajui tena maua yake yalipo. Nililia, na sioni aibu kusema. Kisha hasira ikanipanda. Niliikasirikia baridi, nikamkasirikia Kaka na simu yake yenye picha, nikamkasirikia Mama kwa kujitia kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Ebo! Nani alimwambia aweke dau? Vigingi nisingeweza kuvihamisha, Kaka angejua kwa kutazama tu. Lakini magutu hayakupigwa picha.

Nikaenda kuchukua sepetu.

Haibiskasi haipendi kuhamishwa. Mizizi yake inakwenda chini mbali, na ukiikata hovyo inasusa, huenda isitoke mwaka huo wala mwingine. Ikibidi, unaihamisha ikiwa bado imelala, na unachimba kwa upana, unatoka na donge zima la udongo wake. Nilichimba hivyo. Donge la kwanza nililibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kule ukutani nilitoa mawe, nikamlaani fundi mwashi aliyefukia kifusi chake pale, nikamwaga mboji karai kwa karai, nikapanda, nikanywesha maji, nikarudisha matandazo. Mgongo ulitaka kukatika.

Jirani wa geti la kijani akachungulia juu ya ukuta. Sijui huwa anasimama juu ya nini.

"Unachimba nini, Kiberiti?"

"Natafuta minyoo."

"Ya kuvulia samaki?"

"Ya kufuga!"

Akatoweka.

Mama aliporudi nilikuwa nimeshaoga na niko jikoni namenya viazi. Sikusema kitu. Nilijiambia, wema hauozi.

Ukaja wakati wa kungoja. Joto likarudi, mnanaa ukaamka, deizi zikafuata. Kila Jumapili Kaka alikuja, akachuchumaa mbele ya vigingi vyake, akasema "Bado," akanawa mikono. Upande ule wa ukutani unakauka haraka, kwa hiyo kila jioni nilimwaga maji pale nikijifanya nanyweshea deizi. Deizi zenyewe zilikaribia kuoza kwa maji ya kulazimishwa.

Mama alikuwa mtulivu kupita kiasi. Alifua mapazia yote ambayo si machafu. Alinipa sufuria zake kubwa mbili, eti zimekuwa nzito. Siku moja nilikuta begi lake la safari limeanikwa kwenye kamba, limefunguliwa zipu zote.

"La nini hilo?"

"Linanuka uvundo. Mtu haruhusiwi kuanika begi lake?"

Nikasema moyoni, maskini, anajikaza. Anaogopa kushindwa. Nikazidisha maji.

Yungiyungi zikatoka, zikachanua. Haibiskasi kimya. Usiku sikulala vizuri, nikifikiri nimeziua. Kama zingekufa, Mama angeondoka, na mimi ndiye ningekuwa nimemwondoa.

Jumapili iliyofuata Kaka alichuchumaa kama kawaida. Hakusema "Bado." Alikaa pale muda mrefu mpaka wifi akamfuata. Kisha akaita, "Mama! Njoo uone."

Kwenye kigingi cha kwanza, kishada kidogo cha vichipukizi vyekundu kilikuwa kimepasua udongo. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa na kimoja tu, chembamba, lakini kipo. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Nilimtazama Mama. Alikuwa amesimama ameshika fimbo yake, anavitazama vichipukizi vile, ameibana midomo.

Kaka akasimama, akajifuta magoti, akampa mkono kama anavyowapa waliopata leseni.

"Umefaulu, Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa si ya kawaida. "Nimekukosea adabu. Sitalizungumza tena jambo hili, na mtu yeyote asikuguse. Chumba kile mke wangu atakigeuza cha kupigia pasi."

"Haya," akasema Mama.

"Umefurahi?"

"Nimesema haya."

Wakanywa chai, wakaondoka. Nilipolifunga geti nilirudi ndani nacheza, kweli nacheza, mikono juu, kama nimemwoza mtu. Nikabandika maji mengine. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli ya jikoni.

"Nani kazihamisha?" akauliza.

Nikajitia kufuta meza. "Kuhamisha nini?"

"Kiberiti."

Mtu anaweza kumdanganya kaka yake, serikali na mteja wa mapazia. Mama akikuita hivyo, huna pa kupita.

"Mimi," nikasema. "Ulikuwa umekosea, Mama. Ulikosea vyote vitatu. Ungefungishwa nguo! Nimevunjika mgongo kwa ajili yako, na hata asante sijasikia."

"Sikukosea."

"Mama, magutu yalikuwa kule bombani. Niliyashika kwa mikono hii."

"Najua yalikuwa bombani. Nani aliyapanda? Haibiskasi inataka maji, utaiweka ukutani kwenye kifusi? Hata mtoto hafanyi hivyo. Nilipaonyesha pale kwa sababu ninajua hapana kitu."

Maji yalichemka, yakamwagikia jikoni, sikuinuka.

"Ulitaka kushindwa," nikasema.

"Ningefanyaje? Nimeshapiga kelele getini, shuka sijui, miguu mbele sijui. Mtaa mzima umesikia. Nile matapishi yangu? Nilitaka nishindwe kwa haki, nionekane nimetii ahadi yangu, niende zangu. Sasa wewe umenifaulisha."

"Kwa nini uende? Nyumba yako hii! Ulikuwa hujambo!"

Hapo ndipo aliponiambia. Kwenye baridi, baada ya zile kelele za getini, aliteleza bafuni usiku. Hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka. Alilala kwenye sakafu ya saruji na nguo zimelowa, akaita mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyesikia. Alijiburuta asubuhi, kiwiko kwa kiwiko, mpaka akashika mguu wa kitanda. Jioni ile mimi nilipita, nikamkuta amejifunika blanketi, akaniambia ana mafua. Nikamgombeza kwa kutovaa soksi.

"Tangu siku hiyo," akasema, "jua likianza kushuka naogopa. Nakaa na taa zote zinawaka. Naoga kwa beseni, nimekaa kitandani. Birika, ndiyo, nililisahau, nasahau vitu. Lakini si hilo. Naogopa, mwanangu. Sitaki kufia sakafuni."

Mama yangu hajawahi kusema anaogopa. Hata siku ya mazishi ya Baba aliwapangia watu viti.

"Mficha uchi hazai, Mama!" nikafoka. Niliona machozi yananijia, na mimi machozi yakija hufoka. "Ungesema! Kama hukutaka kumwambia Kaka kwa sababu ya hayo maneno ya getini, si ungeniambia mimi? Mimi niko mtaa wa pili! Nina chumba! Hukuhitaji vigingi wala nini. Ungesema tu, Kiberiti, nichukue, ningekubeba mgongoni hapohapo. Kwa nini Kaka? Kwa nini si mimi?"

Alinyosha kanga yake magotini.

"Kwa sababu ungenikuta sakafuni," akasema, "ungenigombeza kwanza, ndipo uninyanyue."

Nilifungua mdomo nimwambie anasema uongo. Neno la kwanza lilikuwa tayari kwenye ulimi, na lilikuwa neno la kugomba. Nikalimeza.

Alilosema Mama lilikuwa kweli. Ningesimama mlangoni pa bafu, ningesema nilikwambia, si nilikwambia, soksi ziko wapi, fimbo iko wapi. Ningempenda kwa moyo wangu wote na ningesema hayo yote huku yeye yuko kwenye maji. Kaka angesema "Haya, Mama," akamwinua. Ndivyo ilivyo. Liliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa na mtu, na sikuwa na pa kulipeleka, kwa sababu aliyelisema ndiye mtu ninayempelekea mambo yangu.

"Nikufanyie nini?" nikamwuliza.

"Mwambie kaka yako ukweli. Mwambie nilikosea, wewe ukazihamisha. Si uongo mkubwa."

"Ataniona tapeli."

"Atakuona. Wewe si umezoea?"

Nikampigia Kaka. Hata hawajafika kwao, simu aliipokea wifi, akamwekea sikioni. Nikamwambia nilihamisha mimi, vigingi vyote vilikuwa mahali patupu, Mama amefeli na amekubali kufeli. Sikumwambia habari za bafuni. Hizo si zangu. Kaka akaniambia kwamba anao watahiniwa wengi waliowahi kujaribu kumdanganya, lakini hakuna hata mmoja aliyetumia sepetu. Hayo kwa kaka yangu ni matusi. Akasema anageuza gari.

Tukaenda chumbani kufunga. Begi lilikuwa safi, limeshaanikwa. Mama alianza kukunja blauzi zake, na anakunja vibaya, mikono inabaki nje, kola inavunjika. Mimi ni fundi, siwezi kuvumilia kuona kola inavunjwa. Nilivumilia. Nilizipokea moja moja, nikazilaza begini zilivyo. Alitia viatu juu ya nguo safi, nikatazama dirishani. Alitia kopo la unga wa uji, wazi bila kifuniko, nikanyamaza. Niliuma meno mpaka taya likauma.

Tuliendelea hivyo mpaka gari likasikika getini. Mama akaacha kukunja, akanitazama, na nikaona kwamba uso wake umebadilika.

"Sema chochote, mwanangu," akasema. "Ukinyamaza hivi unanitisha."